Kujiamini kwa Mwanafunzi na Raghba ya Kusoma

Mtu aingiaye katika darasa la kidato cha kwanza la shule ya kata nchini Tanzania, katika miezi ya mwanzo wa mwaka, aghalabu hukuta ukimya ambao mgeni huweza kuudhania kuwa ni adabu: watoto wameketi wima, madaftari yako wazi, macho yameelekea ubaoni, na mwalimu akiuliza swali hapana mkono unaoinuka, ijapokuwa wamo wanaolijua jibu, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kupima moyoni mwake hasara ya kukosea mbele ya wenzake na faida ya kupatia, akaona hasara imezidi. Watoto hao hao, miezi michache iliyopita, walikuwa darasa la saba wakigombania kujibu, na hata leo, kengele ikilia wakatoka uwanjani, watabishana juu ya kandanda kwa hoja zilizopangika, wakitoa ushahidi na kupinga ushahidi. Basi ni nini kilichoondoka katika nafsi zao walipovuka mlango wa darasa, na ni nani awezaye kukirejesha? Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo, maana mtoto asiyejiamini hupoteza raghba ya kusoma kabla hajapoteza uwezo wa kusoma, na akishapoteza raghba hata uwezo aliokuwa nao hudhoofu kwa kukosa kutumiwa.

Majibu mawili hutolewa kwa wepesi. La kwanza husema kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, nalo sitalijadili kwa urefu, kwa kuwa halielezi kwa nini uvivu huo huo hutoweka uwanjani. La pili ni la watu wema, na kwa sababu hiyo lina hatari zaidi: husema kwamba mwanafunzi aambiwe ajiamini, atungiwe maneno ya kumtia moyo, ubandikwe ukutani wito wa kujiamini, na mengine yatafuata yenyewe. Rai hiyo imekwisha kujaribiwa mahali pengine kwa upana mkubwa. Katika jimbo la California, nchini Marekani, iliundwa mwaka 1986 kamati maalumu ya kukuza hali ya watu kujithamini, kwa tumaini kwamba mtu akijithamini atasoma vyema, atafanya kazi vyema na atajiepusha na maovu, na shule nyingi zikaiga mwendo huo. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walichapisha tathmini ya tafiti nyingi zilizokusanywa juu ya jambo hilo, wakaona kwamba kumwongezea mtoto hisia ya kujithamini hakumpandishii alama zake, na kwamba pale uhusiano unapopatikana, mara nyingi ni kufaulu ndiko kunakozaa kujithamini. Mtoto si mjinga. Akiambiwa kwamba anaweza, ilhali daftari lake limejaa mikasi ya wino mwekundu, huamini daftari.

Aliyeliweka jambo hili katika msingi imara ni Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1977 alieleza kwamba kinachomwendesha mtu ni yakini aliyonayo kuwa anaweza kulitenda jambo fulani mahsusi, wala si hisia ya jumla ya kujiona bora. Mwanafunzi anaweza kuwa na staha kubwa kwa nafsi yake nyumbani na msikitini au kanisani, na bado akawa hana yakini hata chembe mbele ya mlinganyo wa aljebra. Yakini hiyo, kwa maelezo ya Bandura, hupatikana kwa njia nne: kwa mtu kuwahi kulitenda jambo akafaulu, kwa kumwona mwingine aliye mfano wake akifaulu, kwa maneno ya mtu anayemwamini, na kwa hali ya mwili wenyewe, kama moyo unatulia au unadunda na viganja vinatoka jasho. Njia hizi hazilingani kwa nguvu. Ya kwanza huzishinda zote, na maneno, ambayo ndiyo tunayoyatumia kuliko yote kwa kuwa hayana gharama, ni dhaifu yakisimama peke yake.

Yako majaribio ambayo Bandura aliyafanya pamoja na Dale Schunk, yakachapishwa mwaka 1981, ambayo kwa maoni yangu kila mwalimu angefaa ayajue kama ajuavyo jedwali la kuzidisha. Walichukua watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa, na wasiozipenda hata kidogo, wakawapa kurasa 42 za mazoezi ya kujifundisha wenyewe kwa vipindi 7. Baadhi yao walishauriwa walenge kumaliza kurasa 6 katika kila kipindi. Wengine walishauriwa walenge kumaliza kurasa zote 42 mwisho wa vipindi vyote. Wengine hawakupewa lengo. Kazi ilikuwa ile ile na muda ulikuwa ule ule. Wale wa kurasa 6 ndio waliopata ustadi mkubwa zaidi na yakini kubwa zaidi, na zaidi ya hayo ndio waliozipenda hesabu, hata walipoachiwa hiari ya kuchagua la kufanya walizirudia kwa utashi wao. Hapa ndipo ufunguo wa swali letu ulipo. Raghba, ambayo walimu huilalamikia kana kwamba ni tabia mtoto anayokuja nayo kutoka kwao, ilizalishwa mle darasani kwa tadbiri ya kuigawa kazi katika masafa ambayo mtoto aliweza kuuona mwisho wake, akaufikia, akajua kwamba ameufikia.

Pwani yetu haikuwa ngeni kwa tadbiri hiyo. Katika vyuo vya Kurani, tangu Lamu hadi Kilwa na Ngazija, mtoto alisoma kwa hatua yake mwenyewe: alianza herufi, akaja kwenye irabu, akaunganisha, akaingia katika sura fupi za mwisho wa msahafu, na mwenzake aliyekaa bega kwa bega naye juu ya mkeka huo huo alikuwa mahali pengine kabisa, bila ya yeyote kuona ajabu. Somo la leo lilisikilizwa leo, na asiyelijua hakusukumwa mbele kwa sababu tu tarehe imefika. Aliyetangulia alimsomesha aliyefuatia, na mtoto alipokhitimu palifanywa sherehe, jamaa wakaja, na mtaa mzima ukajua kwamba mwana wa fulani amefika. Sisemi haya kwa kuvipamba vyuo hivyo kupita haki yao, kwa maana vilikuwa na bakora zao, na wako watoto waliokimbia chuo wasirudi tena. Lakini katika jambo moja hili, la kumpa kila mtoto hatua aliyo na uwezo nayo na kumshuhudia anapoivuka, vilikuwa na busara ambayo shule zetu, pamoja na madawati na maabara zake, zimeipoteza.

Maana shule zetu huendeshwa na muhtasari, na muhtasari huendeshwa na mtihani. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha kwanza hujua kwamba nusu ya darasa lake haijazimudu sehemu za darasa la tano, lakini hujua pia kwamba atakaguliwa kwa mada alizozimaliza, basi huendelea mbele, na kila juma linalopita humwongezea mtoto yule ushahidi mpya wa kushindwa kwake. Magharibi ya Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule za msingi zilizopewa vitabu vya kiada vya serikali, kwa matarajio kwamba alama za watoto zingepanda. Wakaona kwamba vitabu viliwafaa wale tu waliokuwa mbele tangu hapo, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho mwanafunzi wa kawaida hakuweza kukisoma. Baadaye Esther Duflo, Pascaline Dupas na huyo huyo Kremer walifanya utafiti katika shule 121 za eneo hilo la magharibi zilizopewa mwalimu wa ziada, baadhi zikiwagawa watoto wa darasa la kwanza kwa viwango vyao na nyingine zikiwachanganya, na baada ya miezi 18 ilidhihirika kwamba pale walipogawanywa walinufaika wote wawili, aliyekuwa juu na aliyekuwa chini, kwa kuwa kila mwalimu aliweza kufundisha mahali wanafunzi wake walipo.

Hata hivyo ipo hadhari ambayo siwezi kuipita. Kuwagawa watoto ili wafundishwe kwa hatua yao ni jambo moja, na kuwagawa ili waitwe vipanga na vilaza ni jambo jingine, na mstari baina ya mawili hayo ni mwembamba kuliko wanavyodhani wakuu wa shule walio wepesi wa kuanzisha mikondo. Karla Hoff na Priyanka Pandey walifanya jaribio katika kijiji cha jimbo la Uttar Pradesh, India, wakiwapa wavulana mafumbo ya njia za kuzungukazunguka wayafumbue kwa karatasi na kalamu, na kwa kila fumbo malipo kidogo. Tabaka za watoto zilipokuwa hazikutajwa, wale wa tabaka la chini walifumbua sawa na wa tabaka la juu. Majina na tabaka zao vilipotangazwa mbele ya wote, wa tabaka la chini wakaanguka. Akili yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kuwa wamekumbushwa hadharani mahali walipowekwa na watu. Nasi huyafanya hayo kila muhula tunapobandika ukutani orodha ya majina kuanzia wa kwanza hadi wa mia na ishirini, ili wazazi wasome, wadogo zao wasome, na wapita njia wasome. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mnamo Januari 2023 kutangaza shule na watahiniwa kumi bora wa taifa, nami nauona uamuzi huo kuwa wa insafu. Lakini orodha ya ukutani bado ipo katika shule nyingi, na aliye mwisho wa orodha huijua njia ya kuizunguka asipite mbele yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika Tanzania, nalo ni lugha. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mtoto husoma kwa lugha hiyo miaka saba, akihesabu, akieleza, akiuliza. Kisha siku moja ya Januari, katika kidato cha kwanza, hutakiwa aeleze usanidimwanga, sheria za Newton na mito ya ulimwengu kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaisikii nyumbani, sokoni wala njiani, na kozi ya wiki chache ya kuwazoeza haiwezi kuziba pengo la miaka. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee katika sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya shule zenyewe, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Halima Mwinsheikhe naye, katika utafiti wake wa mwaka 2001 juu ya somo la baiolojia, alionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki zaidi na kufanya vyema zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufungua mlango, ikazikubali lugha zote mbili, lakini mlango huo haujapitwa hadi leo na shule za sekondari kwa ujumla wake.

Nataka nieleweke katika jambo hili. Sina uadui na Kiingereza. Mzazi anayekitaka kwa ajili ya mwanawe ana hoja ya haki, kwa kuwa kinafungua ajira na vitabu, na kinastahili kufundishwa vizuri kuliko kinavyofundishwa sasa. Lakini kukifundisha Kiingereza ni kazi moja, na kukifanya mlango wa pekee wa kila maarifa ni kazi nyingine, na hiyo ya pili hufanywa kwa gharama ya nafsi ya mtoto. Mtoto mwenye fikra kamili juu ya kwa nini maji huchemka, asiyeweza kuitoa fikra hiyo ila kwa maneno matatu yaliyovunjika, huanza kuona kwamba hana fikra. Hutokea pia kwamba shule humwadhibu kwa kusema lugha aijuayo, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alivyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kenya ya ukoloni, ambako mtoto aliyekutwa akisema Kigĩkũyũ alichapwa au kuvishwa kibao cha kumtahayarisha. Desturi ya kibao haijafa pwani wala bara, ingawa leo lugha inayokatazwa mara nyingi ni Kiswahili chenyewe. Kukremu, ambako walimu wote hukulalamikia, hutokana na hapo: mtoto aliyenyimwa lugha ya kufikiri hushika sentensi nzima kama alivyopewa, kwa kuwa akibadili neno moja hajui kama bado ina maana.

Baada ya lugha huja bakora na kicheko. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania imeibakiza, kwa masharti kwamba itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na isizidi viboko vinne; ila kila aliyesoma katika nchi hii ajua jinsi masharti hayo yanavyotiiwa. Sijadili hapa adhabu kwa makosa ya tabia. Najadili kiboko cha kukosa jibu, ambacho kwa njia ile ya nne ya Bandura huufunza mwili wa mtoto kwamba swali la mwalimu ni hatari, na mwili uliofunzwa hivyo hufadhaika hata siku ambayo fimbo haipo. Kicheko cha wenzake hufanya kazi hiyo hiyo bila ya fimbo, na mwalimu anayeachia kicheko kipite, au akakianzisha yeye mwenyewe kwa mzaha juu ya matamshi ya mtoto, amefunga midomo arobaini kwa siku moja.

Wasichana huyabeba haya kwa uzito wa ziada, kwa kuwa wengi wamelelewa kuona kwamba haya ni sitara na kusema mbele ya watu ni ujasiri usiopendeza. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warejee katika shule za kawaida, jambo la heri lililongojewa muda mrefu. Lakini ruhusa humfikisha mlangoni tu, na kile kitakachomfanya abaki ni namna atakavyotazamwa na kuitwa mle ndani katika juma la kwanza.

Je, sifa hazina nafasi? Zinayo, ila zinahitaji maarifa. Claudia Mueller na Carol Dweck, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1998, waliwapa watoto wa Marekani mafumbo mepesi, kisha wakawasifu baadhi yao kwa akili zao na wengine kwa bidii yao, wakawapa mafumbo magumu wakashindwa wote, halafu wakawarudishia yaliyo sawa na ya kwanza. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na walipotakiwa waeleze alama zao kwa watoto wengine walielekea zaidi kusema uongo; waliosifiwa bidii walipanda. Sababu yake haifichiki: aliyeambiwa ana akili huona kila kosa kama hati ya kumvua cheo hicho. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwa idili kwamba hapa umepanga hatua zako vizuri, na hapa ishara ya kutoa imekuponyoka, amempa mtoto sifa itakayomsaidia kesho, kuliko anayeliamuru darasa zima limpigie makofi mwenye akili.

Na kuna tiba moja nyepesi mno hata watu huidharau. Mary Budd Rowe alipima katika madarasa ya sayansi ya Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1974, kwamba mwalimu akiuliza swali hungoja takriban sekunde moja kabla ya kulijibu mwenyewe au kumhamia mwingine, na kwamba akijizuia akangoja sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka, wanaokaa kimya hupungua, na wale waliohesabiwa dhaifu huanza kusema. Kwa mtoto anayetafsiri swali kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, kisha jibu kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, sekunde hizo zinafaa ziwe nyingi zaidi, na katika darasa la watoto themanini mwalimu anaweza kuwaacha kwanza wanong'onezane wawili wawili kwa lugha waitakayo, ili anayesimama asimame na jibu lililokwisha kusikiwa na mwenzake mmoja.

Imebaki nafsi ya mwalimu. Nyerere, katika maandishi yake ya 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaja miongoni mwa makusudio ya elimu kwamba raia ajiamini kuwa ni mtu huru na aliye sawa na wenzake. Lakini kusudio hilo limekabidhiwa watu ambao aghalabu wao wenyewe wanaogopa. Mwalimu kijana aliyepangiwa kufundisha fizikia kwa lugha ambayo naye aliikremu, akikaguliwa kwa asilimia ya waliofaulu na kukemewa mbele ya kikao, huandika maelezo ubaoni na kuwaamuru watoto wanakili, kwa kuwa kunakili hakuzai maswali. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ujulikanao kama MEWAKA, unakusudia walimu wa shule moja wakutane na kusaidiana katika mada zinazowashinda, na mahali mikutano hiyo inapofanywa kwa dhati mwalimu huweza kusema wazi kwamba somo la mawimbi halielewi vizuri, akaelekezwa na mwenzake kabla ya Jumatatu. Gharama yake ni saa moja ya ratiba kwa juma, pamoja na mkuu wa shule atakayekubali kwamba yatakayosemwa katika saa hiyo hayataandikwa katika faili la mtu.